Beki wa kati hapimwi peke yake

Jumamosi iliyopita nilipita kijiweni kwetu Mwananyamala kunywa kahawa nikakuta benchi limegeuzwa uwanja. Vizibo vya soda kumi na moja vimepangwa, vyekundu vyote, na jamaa mmoja wa bodaboda ameshika viwili mkononi hataki kuviweka chini mpaka wenzake wamkubalie. Kizibo kimoja kilikuwa Rushine De Reuck. Cha pili kilikuwa Chamou Karaboue.

"Hawa wawili tu, hatuongei zaidi," akasema. "Mmoja katoka Mamelodi Sundowns, mmoja mwili jumba. Nani anapita hapo?"

Mwenzake, fundi simu wa pale kona, akamnyang'anya kizibo cha Karaboue akaweka kingine. Akasema hicho ni Abdulrazack Hamza. Ndipo ugomvi ukawaka. Wengine wakamkumbuka Che Malone aliyeondoka kwenda USM Alger, wengine wakasema bora kaondoka, kijana mmoja akadai Simba ilitakiwa kununua mabeki watatu siyo mmoja. Shabiki mmoja wa Yanga alikuwa pembeni anacheka tu, maana yeye vizibo vyake havina ugomvi. Mzee anayetuuzia kahawa akanigeukia mimi.

"Mwandishi, wewe si ndiyo kazi yako? Waambie nani beki bora hapo."

Nikamwambia, "Mzee wangu, naomba unisamehe, sijui." Wakanicheka. Diploma ya bure, wakasema.

Sasa nijibu vizuri, kwa sababu siku ile kelele zilinizidi. Sikusema sijui kwa kukwepa. Nilisema sijui kwa sababu swali lenyewe limekaa upande. Ukiuliza nani mshambuliaji bora Simba, naweza kukujibu, na mpira ukituma mtu peke yake mbele anaweza akafunga peke yake. Beki wa kati hana kazi ya peke yake. Kila anachofanya kinategemea mwenzake kafanya nini sekunde moja kabla. Akipanda kugombea mpira wa juu, ubora wake unaamuliwa na aliyebaki nyuma kumlinda mgongo. Akibaki nyuma wakati mwenzake kapanda mstari wa kuotea, basi amemfungulia geti mshambuliaji, hata awe ametoka Sundowns, hata awe ametoka Real Madrid.

Tunajadili majina. Tungejadili pacha.

Nianze na Yanga, kwa sababu mfano mzuri kuliko yote uko kwao na wao wenyewe wameanza kuusahau. Msimu wa 2024/25 waliruhusu mabao 10 katika mechi 30 za Ligi Kuu. Kumi. Wakafunga 83, wakamaliza na pointi 82, kombe la nne mfululizo likaenda Jangwani. Ukisoma hivyo unasema ukuta wa chuma. Lakini chukua hayo mabao kumi uyatawanye mezani kama vile vizibo, uangalie yaliingia lini.

Mechi nane za kwanza za msimu Yanga hawakuruhusu bao hata moja. Nane, ikiwemo ile ya Oktoba 19 dhidi ya Simba iliyoisha 1-0. Dickson Job na Ibrahim Bacca wakawa wanazungumzwa kama mtu mmoja mwenye majina mawili. Halafu ikaja Novemba 2, Azam. Bacca akapewa kadi nyekundu mapema kipindi cha kwanza, Gibril Sillah akafunga, Yanga wakalala 1-0. Siku tano baadaye, Novemba 7, Bacca hayupo kwa sababu ya kadi ile ile, wakaja Tabora United na kuwapiga 3-1.

Hesabu sasa. Mabao manne ndani ya siku sita. Katika mabao kumi ya msimu mzima, manne yaliingia kwenye dirisha hilo dogo ambalo pacha ilivunjika. Yanga walipoteza mechi mbili tu za ligi msimu mzima, na mechi hizo mbili ndizo hizo. Novemba 15 Miguel Gamondi akafungashiwa virago. Kocha aliyekuwa na ushindi nane mfululizo wa mwanzo wa msimu akaondoka kabla mwezi haujaisha, na baadaye akaenda Singida Black Stars.

Najua utaniambia Azam walifunga Yanga wakiwa pungufu, na mtu kumi si kumi na moja. Kweli. Najua pia utaniambia kulikuwa na mambo mengine ndani ya klabu. Inawezekana. Mimi sisemi Bacca peke yake ndiye aliyekuwa ameshika kazi ya Gamondi. Nasema ukimtoa mtu mmoja kwenye pacha hupungukiwi na mtu mmoja, unapungukiwa na pacha nzima. Job alibaki kuwa Job yule yule. Ila Job anacheza akijua Bacca yuko wapi bila kugeuka kumtafuta, na siku ambayo lazima ageuke, tayari kachelewa nusu hatua. Nusu hatua kwa beki wa kati ndiyo bao lenyewe.

Job hana umbo la beki wa kati ambaye wewe na mimi tungemchora. Mfupi. Alipotoka Mtibwa Sugar mwaka 2021 wapo waliouliza ataruka na nani. Jibu likaja mwaka mmoja baadaye kutoka Zanzibar, Bacca wa KMKM. Bacca anaruka, anagongana, anakwenda kuchukua mpira ukiwa bado hewani. Job anasoma, anatoka mapema, anautuliza, anaanzisha. Mmoja akiwa na kasoro mwenzake ana dawa yake. Weka Bacca wawili pale kati uone vurugu. Weka Job wawili uone krosi zitakavyowatesa. Ndiyo maana nasema hakuna anayeweza kukuambia Bacca ni bora kuliko Job au Job kuliko Bacca, na anayekuambia hivyo anataka kukukopa.

Turudi kwa Mnyama, maana ndiko moto uliko.

Jambo la kwanza ambalo kijiwe hakitaki kulisikia ni kwamba msimu wa 2024/25 Simba haikuwa na ukuta mbovu. Iliruhusu mabao 13. Matatu tu zaidi ya Yanga. Timu iliyoruhusu mabao 13 katika mechi 30 haihitaji kubomoa nyumba. Inahitaji kujua maji yanaingia wapi.

Na maji yaliingia mahali panapojulikana. Oktoba 2024 Simba waliongoza 2-0 dhidi ya Coastal Union, ikaisha 2-2. Februari walikuwa mbele 2-1 dhidi ya Azam, na aliyewaweka mbele ni Hamza huyu huyu, beki, ikaisha 2-2 kwa bao la mwishoni la Zidane Sereri. Mechi mbili ambazo Simba walikuwa wameshika uongozi wakauachia. Pointi nne zikaenda na maji. Simba walimaliza na 78, Yanga 82. Toa hapo mwenyewe.

Sasa niambie, mambo mawili hayo yanatibiwa na mwili jumba? Timu inayoongoza 2-0 ikaruhusu mawili haina tatizo la misuli. Ina tatizo la dakika fulani ambayo kila mmoja anadhani mwenzake anakwenda. Anayepanga mstari ni nani? Anayesema "toka" ni nani? Anayesema "baki" ni nani? Hivi ndivyo vitu ambavyo huwezi kuvisajili kwa kumwaga wino. Vinakuja kwa kucheza pamoja, tena na tena, mpaka inakuwa kama watu wawili wanaobeba kabati kwenye ngazi nyembamba. Wakishazoeana hawaambiani tena "inua".

Ndugu zangu wa Msimbazi, hili mnalijua kuliko mimi. Mlikuwa nayo. Msimu wa 2020/21 Joash Onyango alikuja kutoka Gor Mahia akamkuta Pascal Wawa. Wawa alikuwa na miaka 35 na kijiwe kilikuwa kinamzika kila wiki: mzee, mzito, kaisha. Onyango naye alikuwa mgeni, mpira wake wa nguvu, kichwa mbele. Ukiwachukua mmoja mmoja ungepata sababu ya kumkataa kila mmoja. Pamoja, huku Taddeo Lwanga akifagia mbele yao na Aishi Manula nyuma, Simba iliongoza kundi la Ligi ya Mabingwa Afrika lenye Al Ahly, AS Vita na El Merreikh. Pointi 13. Mabao yaliyoingia katika mechi sita za kundi ni mawili.

Wawa alikuwa hakimbii kwa sababu alishafika. Onyango alikimbia kwa niaba ya wote wawili. Siyo siri kubwa hiyo.

Na kwa kuwa nataka kuwa mkweli, Simba ile ile ilikwenda Afrika Kusini robo fainali ikala nne kwa Kaizer Chiefs usiku mmoja. Pacha si hirizi. Ila hakuna aliyesema baada ya usiku ule kwamba Wawa na Onyango hawakuwa kitu, au waliosema walisahau baada ya wiki.

Upande wa pili wa sarafu upo pia Msimbazi. Msimu wa 2023/24 Simba ilikuwa na Henock Inonga na Che Malone. Majina, au siyo? Mkongomani wa timu ya taifa na Mkameruni aliyetoka Coton Sport. Kila kijiwe kikasema hapo sasa. Novemba 5, 2023 Yanga wakashinda 5-1. Mpaka mapumziko ilikuwa 1-1. Mabao manne yaliingia kuanzia dakika ya 64. Mimi niliirudia mechi ile mara tatu, kwa sababu za kikazi, msinielewe vibaya, na kitu kilichonishangaza si mabeki kupitwa. Ni jinsi eneo la mbele yao lilivyokuwa limebaki wazi kama uwanja wa mnada siku isiyo ya mnada. Maxi Nzengeli na wenzake walikuwa wanafika na mpira mguuni, uso kwa uso na mabeki, bila mtu wa kuwapunguza mwendo. Lawama zikaenda kwa majina mawili ya nyuma. Viungo wakaenda nyumbani kimya kimya.

Nilitaja kiungo makusudi. Pacha ya katikati ina majirani, na mwaka 2025 Simba ilimpoteza jirani mkubwa. Mohamed Hussein Tshabalala alikuwa Simba tangu 2014, nahodha, na sasa amevuka mtaa kwenda Jangwani. Kijiweni wanaumia kwa sababu ya usaliti. Mimi naumia kwa sababu nyingine. Beki wa kati wa kushoto, yeyote atakayekuwa, alikuwa amezoea kwamba kushoto kwake yuko mtu ambaye amecheza mechi ngapi sijui za dabi na anajua lini apande na lini akae. Sasa atakuwa na mtu mpya upande, mwenzake mpya katikati, na msimu mpya mbele. Huo ndio ugumu ambao De Reuck anaingia nao, na tusipouona tutamlaumu kwa kila mpira utakaopita mgongoni mwake.

Halafu kuna lugha. Hili nalisema taratibu kwa sababu mtu anaweza akanibeba vibaya. Kanuni inaruhusu wageni na sina tatizo nao, wametufikisha mbali. Lakini hebu jiulize: mwaka 2025 kipa wa Simba alikuwa Moussa Camara, mtu wa Guinea. Karaboue ni wa Ivory Coast. Hao wawili Kifaransa kinawaunganisha. De Reuck ni Msauzi, anatoka nchi ya Kiingereza na lugha nyingine kadhaa. Kulia kwake Shomari Kapombe, Mtanzania. Kona imepigwa dakika ya 88, Mkapa imejaa, kelele hata refa hajisikii filimbi yake. Nani anampigia nani kelele, na kwa lugha gani?

Yanga wao Job, Bacca na Bakari Mwamnyeto wote wanaitana kwa Kiswahili, na Djigui Diarra kipa wao yuko pale tangu 2021, miaka minne inamtosha Mmali kujua "toka nje" maana yake nini. Unaweza kuona ni kitu kidogo. Mimi nakuambia hapo ndipo bao la Sereri na wenzake linapozaliwa.

Nimecheza beki wa kati. Ndondo tu, usinitafute kwenye takwimu. Pacha wangu alikuwa fundi gereji, mtu mzima kunizidi miaka kama sita, hana kasi, goti moja bovu. Alikuwa na tabia ya kukohoa. Akikohoa mara moja najua anabaki, mimi niende. Akikohoa mara mbili yeye ndiye anayekwenda. Hakuna aliyepanga, ilitokea tu, na msimu ule tulifika nusu fainali ya kombe la mbuzi. Mwaka uliofuata akahamia Morogoro kikazi. Wakaniletea kijana mwenye kasi ya pikipiki, aliyewahi kufanya majaribio kwenye timu ya Championship. Mechi ya kwanza tulikula nne. Wote tulikuwa tunakwenda, au wote tulikuwa tunabaki. Hakukuwa na wa kukohoa.

Kwa hiyo ningekuwa Fadlu Davids, aliyekuwa kocha wa Simba, ningeweka vizibo gani pale benchi? De Reuck na Hamza. Karaboue wa tatu, na wa tatu siyo tusi, nitalifikia.

Sababu yangu kwa De Reuck ni fupi: kocha anamjua. Walikuwa pamoja Maritzburg United, kwa hiyo kuna mtu mmoja kwenye benchi na mmoja uwanjani ambao tayari wanajua maana ya neno "mstari" kwa namna moja. Hilo linaokoa miezi miwili.

Sababu yangu kwa Hamza ni ndefu kidogo. Kijana alirudi kutoka SuperSport United mwaka 2024, hivyo mpira wa kule Sauzi anaujua na watu wake anawajua. Kwa Kapombe anaongea Kiswahili. Kwa De Reuck anayo ile shule ya Afrika Kusini. Huyo ndiye kiungo cha lugha ambacho ukuta huo unakihitaji, na hakuna mwingine. Ana mpira mguuni, anaanzisha. Alijifunga Algeria dhidi ya CS Constantine na kijiwe hakijamsamehe mpaka leo. Mimi nakumbuka pia kwamba mwaka ule ule wa mashindano Simba ilifika fainali ya Shirikisho, na yeye alikuwa sehemu ya kikosi hicho kilichofika. Mtu akijifunga mara moja tunamwandikia mgongoni. Mshambuliaji akikosa kumi tunasema bahati yake mbaya leo.

Lipo jambo kubwa zaidi ya Simba. Agosti 2025 Taifa Stars walicheza CHAN hapa hapa nyumbani. Mechi nne za kundi, bao moja tu lililoingia, la Madagascar. Morocco wakatutoa robo fainali kwa bao moja. Mabao mawili ndani ya mechi tano, tena na mabingwa wa kusakata mpira kama Wamorocco. Watu walisifu ukuta, na walikuwa na haki. Lakini mabeki wa kati tuliokuwa tunawategemea ni wale wale: Bacca na Job. Wote Yanga. Desemba 2025 ilikuwa AFCON Morocco, kundi lenye Nigeria, Tunisia na Uganda. Ingetokea Yanga wapate majeruhi wawili Novemba, Stars ingekwenda kumkaba Victor Osimhen na nani? Na mtu ambaye amekaa benchi Simba miezi mitatu kwa sababu sisi mashabiki tulitaka majina mawili ya kigeni?

Hapo ndipo yule jamaa wa bodaboda alinishika. "Kaka, hayo ya Stars ni ya TFF. Mimi nataka ubingwa. Miaka minne naburuzwa mtaani na hawa. Ligi haisubiri mtu ajifunze kukohoa."

Ana haki na sina jibu zuri. Septemba 16, 2025 Ngao ya Jamii, na ni Yanga na Simba. Kesho yake ligi inaanza. Wikiendi hiyo hiyo Afrika: Simba kwa Gaborone United, Yanga kwa Wiliete ya Angola. Hakuna mahali kwenye ratiba palipoandikwa "wiki ya kuzoeana". Pacha ya Simba itazaliwa mbele ya macho ya watu elfu sitini na itafanya kosa, hilo naweza kuliandika leo na mkanikumbusha. Swali langu ni sisi tutafanya nini siku hiyo. Tukiimba jina la Karaboue dakika ya 30 ya mechi ya kwanza, kocha atasikia, mabosi watasikia, na wiki inayofuata atabadilisha. Wiki ya tatu atabadilisha tena. Ifikapo Desemba Simba itakuwa na mabeki watatu wazuri na pacha sifuri.

Niseme na la Yanga kabla hawajaanza kucheka sana. Kocha wao mwaka 2025, Romain Folz, alikuwa mpya. Kocha mpya hupenda kuacha alama ya kidole, na alama rahisi ni kugusa kitu kinachofanya kazi. Asimguse Job na Bacca. Lakini pia asirudie kosa la msimu wa 2024/25 la kusubiri kadi nyekundu ndiyo amkumbuke Mwamnyeto. Nahodha yule amekuwa Yanga tangu 2020, alipotoka Coastal Union, na ni mmoja wa watu wachache ninaowajua wanaovaa kitambaa cha unahodha na koti la benchi wiki moja. Sijawahi kumsikia akilalamika. Mpeni mechi. Moja na Bacca, nyingine na Job, tena zile za mapema ambazo Yanga wanashinda nne bila, ili pacha ya pili na ya tatu zianze kupata kikohozi chao. Novemba 2024 iligharimu kazi ya kocha kwa sababu pacha ya akiba haikuwa imepikwa. Karaboue naye vivyo hivyo. Wa tatu anayecheza mechi kumi na mbili kwa mpango ni silaha. Wa tatu anayeitwa kuzima moto ni mhanga.

Wazee watasema zamani haya hayakuwepo, Nadir Haroub Cannavaro na Kelvin Yondani walicheza tu. Hapana mzee wangu, shikamoo. Walicheza pamoja misimu na misimu, ndiyo maana ikaonekana ni "tu". Yondani alitoka Simba mwaka 2012 na wapo waliomkataa wiki ya kwanza.

Basi, kijiweni hatukumaliza. Giza likaingia, vizibo vikarudi kwenye mfuko wa fundi simu, jamaa wa bodaboda akapata abiria wa Kinondoni. Kabla hajawasha akanipa dau: De Reuck na Karaboue wakianza Ngao ya Jamii, mimi nalipa kahawa ya kijiwe kizima. Wakianza De Reuck na Hamza, analipa yeye. Nikamwambia sawa, lakini niongeze kipengele kimoja. Hamza akianza na akafanya kosa, yeye jamaa anakaa kimya mpaka mechi ya tano.

Akafikiri muda mrefu, abiria akaanza kulalamika. "Ya tatu," akasema. Tukashikana mikono.